Mtandao ukikatika, simu zenu ziongee zenyewe: jinsi ya kuandaa kikundi chenu mapema

Jamani wadau, hii naiandika kwa ajili ya yule mtu ambaye simu yake ina chaji asilimia 80, kioo kizima, kila kitu kizima, ila pale juu kwenye vimistari vya mtandao hamna kitu na hawezi kumwambia mama yake aliye nyumba ya nne kwamba yuko salama. Nimewahi kuwa huyo mtu. Siku mbili nzima laini haisomi, na kwenye simu yangu nilikuwa na programu ya kutumiana meseji bila mtandao, nimeiweka miezi mingi nyuma, ila dada yangu hakuwa nayo, na bila intaneti hakuna pa kuipakulia. Ndo maana karibu mwongozo wote huu unahusu mambo ya kufanya sa hivi, wakati mnara bado umesimama na bando bado lipo. Ukisubiri siku yenyewe umechelewa, na naomba unielewe vizuri hapo.

Tuanze na kitu kimoja. Simu yako ndani yake ina redio zaidi ya moja. Ile ya laini inaongea na mnara tu, mnara ukizima kazi imeisha, na minara huzima kirahisi kuliko watu wanavyodhani kwa sababu umeme ukikatika inabaki na betri za akiba ambazo mara nyingi huisha baada ya saa kadhaa. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico Septemba 2017 zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ilizima, kisiwa kizima watu wameshika simu nzima ambazo haziongei. Lakini Bluetooth na Wi-Fi ni redio nyingine kabisa, hizo hazimjui mnara, zinaweza kuongea na simu ya jirani moja kwa moja, ya jirani ikaongea na ya jirani yake, meseji ikapokezanwa kama ndoo za maji kwenye mstari wa watu wanaozima moto.

Wazo hili si la jana. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, Paul Gardner-Stephen wa Chuo Kikuu cha Flinders kule Adelaide, Australia, alianzisha mradi wa Serval ili simu za kawaida ziweze kupigiana na kutumiana meseji bila mnara wowote. 2014 waandamanaji wa Hong Kong walipakua FireChat kwa wingi wakihofia intaneti itazimwa. FireChat yenyewe leo haipo tena, na hilo nalo ni somo, programu hizi huja na kupotea kwa hiyo usiweke matumaini yote kwenye moja.

Kwanza pima umbali, kabla hata ya kuchagua programu

Watu wengi wanakatishwa tamaa kwa sababu wanategemea makubwa. Wanadhani wakishaweka programu wataongea na mtu wa wilaya nyingine. Hapana. Bluetooth ya simu kwenye uwanja wazi itakupa kama mita 30, siku ikikaa vizuri zaidi, ndani ya nyumba yenye kuta za zege labda mita 10 au chini ya hapo. Usiniamini mimi, nenda kapime, maana simu zinatofautiana sana.

Mi nilifanya na mdogo wangu. Tuliweka simu zote mbili kwenye hali ya ndegeni, tukawasha Bluetooth peke yake, yeye akasimama mimi nikaanza kutembea nahesabu hatua, kila hatua 10 namtumia namba. 10 ikafika, 20 ikafika, 30 ikafika, 40 ikakaa kidogo na kale kamduara kanazunguka afu ikafika, 50 haikwenda. Nikarudi mpaka kama hatua ya 25, nikaitia simu mfuko wa mbele wa suruali, nikampa mgongo, nikamwambia kwa sauti haya sasa tuma wewe. Kimya. Namsikia anasema nimetuma, nimetuma tena, nimetuma ya tatu, na mfukoni hamna kitu. Nikageuka tu nikamtazama, sijasogea hata hatua moja, simu ikatetemeka mara tatu mfululizo.

Mwili wangu ndo ulikuwa ukuta. Bluetooth inatumia mawimbi ya 2.4 GHz na maji huyanyonya mawimbi hayo, na binadamu sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo simu iliyo mfukoni kwenye umati wa watu ni simu iliyozungukwa na mapipa ya maji. Ukiinua simu juu ya kichwa, au ukaiweka dirishani badala ya mezani, au kwenye ghorofa ya juu, unapata umbali ambao hakuna setingi yoyote itakupa. Nadhani hili moja lina thamani kuliko nusu ya maelezo ya kitaalamu utakayosoma kwingine.

Sasa piga hesabu. Programu kama Bitchat inaruhusu meseji kurushwa simu hadi simu mpaka mara 7 afu inakufa, wameweka kikomo ili meseji zisizunguke milele zikajaza hewa. Ukichukulia mita 20 kati ya simu na simu, mara 7 ni mita 140. Huo ni mtaa mmoja mfupi. Na katikati pawepo na watu wenye programu hiyo hiyo imewashwa, pengo moja la mita 60 lisilo na mtu na mnyororo umekatika hapo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni watu wangapi kati yangu na mama wanayo, na wanakaa wapi. Chora ramani ya mkono, nyumba kwa nyumba, weka alama nani anayo. Ukiona pengo, mtu wa pengo hilo ndo wa kumtafuta wiki hii.

Chagueni programu kulingana na simu mlizonazo

Kusanya kikundi chenu, familia, majirani, watu wa kazini, wowote, uliza nani ana Android na nani ana iPhone. Swali hili linaamua mengi kwa sababu iPhone haina Wi-Fi Direct ya Android, na ule mfumo wa Apple wa simu za karibu kuunganishwa, uliokuja na iOS 7 mwaka 2013, haujuani na Android. Kikundi kilichochanganyika kinabaki na Bluetooth kama lugha ya pamoja.

Kama wote mna Android, chaguo langu ni Briar, nalisema bila kusita. Inatumia Bluetooth, Wi-Fi, na intaneti ikiwepo inapitia Tor, mtandao unaoficha nani anaongea na nani. Haina seva inayohifadhi meseji zenu, kila kitu kiko kwenye simu zenyewe, kimefungwa kwa paswedi. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba haipo kwa iPhone.

Kama mmechanganyika, kuna Bitchat, ile aliyoitoa Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, Julai 2025, ipo kwa iPhone na Android, haitaki namba ya simu wala akaunti, unafungua unaweka jina unaanza. Ni nyepesi sana kuwafundisha watu. Ila mwenyewe alipoitoa aliweka onyo kwamba haijakaguliwa na wataalamu wa usalama wa nje, na ile chaneli ya wote inasomwa na yeyote aliye karibu. Halafu angalia jambo hili, ndani yake kuna chaneli za mesh, yaani za simu kwa simu, zinazotumia Bluetooth na kuna chaneli za maeneo ambazo zinahitaji intaneti, watu wanachanganya hizo mbili, wanafanya jaribio wakiwa na bando wanaona meseji zinafika mbali wanafurahi, kumbe zilikuwa zinapita kwenye intanet ya kawaida. Jaribio lolote fanyeni mkiwa mmezima data, la sivyo mnajidanganya.

Bridgefy nayo ipo kwa simu zote mbili na inajulikana, watu wa Hong Kong waliitumia 2019. Fungueni mara ya kwanza mkiwa na intaneti. Agosti 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Royal Holloway, Uingereza, walionyesha kwamba mtu angeweza kusoma meseji za wengine, kujifanya mtu mwingine, na hata kuangusha mtandao mzima kwa meseji moja tu iliyotengenezwa kwa ubaya. Kampuni ikahamia mfumo wa usimbaji, yaani wa kufunga meseji asisome mwingine, wa programu ya Signal, na 2022 watafiti wakakuta matatizo tena. Kwa kuulizana uko wapi, maji yapo upande gani, inatosha. Kwa siri ambayo ikivuja mtu anaumia, usitumie.

Kuinstoli na zile ruhusa

Hapa ndo watu wengi wanakwama na hawajui kwamba wamekwama. Programu inafunguka vizuri, jina limewekwa, lakini haioni mtu.

Kwenye Android ya 12 na kuendelea itakuuliza ruhusa ya vifaa vilivyo karibu, kubali. Kwenye Android za zamani kuanzia 6 mpaka 11 itakuuliza ruhusa ya mahali ulipo, watu wanakataa wakiogopa kufuatiliwa, na kwa kawaida hilo ni jambo zuri, ila kwenye matoleo hayo Android yenyewe ndo imeweka kwamba kutafuta vifaa vya Bluetooth kunahitaji ruhusa ya mahali, ukikataa programu inakuwa kipofu. Na si ruhusa peke yake, ile swichi ya lokesheni yenyewe mara nyingi lazima iwe imewashwa.

Ya pili ni betri. Tangu Android 6 simu inazilaza programu zilizo nyuma ili kutunza chaji, na kampuni nyingine za simu zimezidisha mpaka zinaziua kabisa. Nenda kwenye setingi, programu, chagua yako, sehemu ya betri, weka isizuiwe. Usipofanya hivo skrini ikizima dakika chache tu umetoka kwenye mnyororo, na wewe ulikuwa daraja la watu watatu walioko nyuma yako. Kwenye iPhone hali ni ngumu kidogo, programu ikiwa nyuma Bluetooth yake inabanwa sana na simu za Android zinaweza zisiione kabisa, kwa hiyo wenye iPhone waiache programu wazi mbele, wapunguze mwanga wa skrini.

Kwa Briar kuna mengine mawili. Paswedi yako haina pa kuombea nyingine, ukiisahau akaunti imekwenda na meseji zake, maana hakuna kampuni inayoitunza. Na simu ikizima ikawaka tena, Briar inabaki imelala mpaka uingize paswedi. Waambie wazee wenu hilo kwa maneno mepesi, simu ikizima ukaiwasha, fungua hii, andika lile neno.

Na kama kuna mtu hana bando au mtandao umeshakatika? Briar ina sehemu ya kuishiriki programu bila intaneti, simu yako inatengeneza hotispoti, mwenzako anaskani msimbo wa QR, inafungua ukurasa wa kupakua kutoka kwenye simu yako, basi. Ningelijua hilo wakati ule ningetembea mpaka kwa dada nikampa. Lijaribuni mara moja angalau, maana simu ya anayepokea italalamika kuhusu kuinstoli kutoka chanzo kisichojulikana na lazima mjue pa kubonyeza.

Kuunganishana, na kosa ambalo karibu kila mtu analifanya

Kwenye Briar ili kumuongeza mtu wa karibu mnakaa pamoja, kila mmoja anaskani msimbo wa mwenzake. Inachosha kikundi kikiwa kikubwa, lakini ndo inayokuhakikishia kwamba huyu ni yeye kweli. Kama mmoja kati yenu anawajua wote, anaweza kuwatambulisha wawili wasiokutana, kuna kitufe cha kutambulisha.

Sasa kosa. Watu wanadhani meseji ya faragha kwenye Briar itarukia kwenye simu za watu wa katikati mpaka imfikie mlengwa. Haiendi hivo. Meseji ya wewe na Asha inatoka kwako kwenda kwa Asha tu, simu zenu zikikutana, zisipokutana inasubiri. Kinachosafiri kupitia watu wengine ni ujumbe wa vikundi na majukwaa. Na kati ya hivyo viwili kuna tofauti kubwa. Kikundi cha faragha kina mwenyewe, yeye peke yake ndo anaalika, akijitoa kikundi kimevunjika, na kwa kawaida meseji zinapitia kwake mpaka wanachama waamue kuonyeshana kwamba wanajuana. Jukwaa halina mwenyewe, mwanachama yeyote anaweza kumwalika mtu wake, na meseji zinaenea kati ya wanachama wowote wanaojuana wanapokutana. Kwa siku ya shida tengenezeni jukwaa. Nimeona watu wameunda kikundi, mwenye kikundi ndo yuko mbali au simu yake imezima, wengine wote wamekaa chumba kimoja wanashangaa mbona hatupati.

Kwa hiyo baba mwenye simu iliyo upande huu, akikutana na jirani aliyetoka upande ule, simu zao zinaamkiana zenyewe mfukoni, zinapeana yale ambayo mwenzake hana. Jirani anaendelea na safari yake na habari za upande wenu ziko naye bila yeye kufanya kitu.

Mjumbe

Nataka nikae hapa kidogo. Tukisema mtandao wa simu kwa simu akili inaenda kwenye mnyororo wa simu zilizosimama, kila moja mahali pake, meseji inapita kwa sekunde. Hiyo inatokea kwenye umati. Maisha ya kawaida watu wametawanyika, na mnyororo unakatika kila saa. Kinachofanya kazi ni miguu. Meseji inakaa ndani ya simu, simu iko ndani ya mfuko, mfuko unatembea, ukifika karibu na simu nyingine meseji inavuka. Itachukua nusu saa, itachukua saa tatu, lakini itafika, na mtu anayesubiri kujua kama mtoto wake yuko hai saa tatu atazivumilia.

Basi pangeni mjumbe. Mtu mmoja au wawili, wenye miguu mizuri na simu yenye betri nzuri, wanaopita njia inayojulikana kwa saa zinazojulikana. Kwa mfano saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 11 jioni anapita kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kila kituo anasimama dakika mbili tatu ili simu zionane na kumaliza kupeana, asipite tu mbio. Dakika hizo muhimu sana, Bluetooth inachukua muda kugundua mwenzake na kufungua muunganisho. Kila upande uwe na simu moja inayokaa mahali pamoja, dirishani, imechomekwa kwenye pawabenki, programu iko wazi, hiyo tunaiita simu ya kituo. Simu kuukuu uliyoiacha kabatini inafaa kabisa kazi hii, haihitaji hata laini.

Briar pia inaweza kuandika meseji kwenye memori kadi au flashi, ukampa mtu akaipeleka. Sijaona watu wengi wanaoitumia ila ikiwa umbali ni mkubwa, ni njia.

Siku yenyewe

Mnara ukizima, jambo la kwanza weka simu kwenye hali ya ndegeni halafu washa Bluetooth na Wi-Fi upya kwa mkono. Hii ni lazima, kwa sababu simu isiyoona mnara inautafuta bila kuchoka kwa nguvu zake zote na betri inayeyuka. Ukitaka kuangalia kama mtandao umerudi, toa hali hiyo dakika mbili kila baada ya saa kadhaa, basi rudisha.

Mkiwa mmekusanyika sehemu moja, jengo moja, kambi moja, ongezeni Wi-Fi. Mmoja awashe hotispoti hata kama hana bando, wengine waunganishe, Briar itapita humo na ina kasi na umbali kuliko Bluetooth. Simu nyingi hotispoti yake inabeba watu wachache, kama 10 hivi, na anayewasha anakula chaji haraka, mpokezane. Simu zitaonyesha ujumbe kwamba Wi-Fi hii haina intaneti unataka kubaki, jibu ndiyo baki, usipojibu simu nyingi zitajitoa zenyewe kimya kimya.

Andikeni fupi. Picha na sauti ziacheni, Bluetooth ni bomba jembamba na kila simu kwenye mnyororo inarudia meseji yako, kwa hiyo picha moja ya kwako inawasubirisha wote. Sisi tulikubaliana mpangilio huu, jina, mahali, saa, hali, unachohitaji:

"Neema. Shuleni darasa la mwisho. Saa 8 mchana. Mzima, mguu umevimba. Nahitaji maji na dawa ya maumivu."

Saa ndo kitu kinachosahaulika na ndo kinachohitajika zaidi, kwa sababu meseji inaweza kufika imechelewa nusu siku, mtu akasoma niko shuleni akaenda mbio wakati Neema alishahamishwa jioni. Ukiandika saa, anayesoma anajua anasoma habari ya lini.

Na tafadhali, ukiwa na dharura ya kufa na kupona usikae na programu hizi unasubiri. Namba za dharura hazipitii humu. Tembea, piga kelele, tuma mtu. Kama simu yako ina SOS ya setilaiti, kama iPhone 14 na zilizofuata kwenye nchi ambazo huduma hiyo ipo, itumie hiyo kwanza, na jifunze kuielekeza angani kabla ya siku hiyo.

Kama mnahitaji kilomita

Kuna vijiredio vidogo vya LoRa, vinaunganishwa na simu kwa Bluetooth, vyenyewe ndo vinarushiana kwa mbali. Mradi unaojulikana zaidi unaitwa Meshtastic, ulioanzishwa na Kevin Hester 2020, programu yake ni ya bure na vifaa vyake vinatengenezwa na wengi. Kutoka mlimani au juu ya paa vinafika kilomita nyingi, mjini kati ya majengo kilomita moja mbili au pungufu. Ni maandishi tu, karibu herufi 200 kwa meseji, taratibu. Kwa kijiji kilichotawanyika, viredio viwili vitatu kwenye sehemu za juu pamoja na simu za kituo chini, mmepata kitu cha maana sana.

Mambo matatu tu usisahau. Usiwashe redio kabla ya kufunga antena, unaweza kuiua. Nunua ya masafa yanayoruhusiwa nchini kwako, Ulaya wanatumia 868 MHz, Marekani 915, kwingine 433, uliza mamlaka ya mawasiliano ya kwenu. Na ile chaneli inayokuja tayari ufunguo wake unajulikana dunia nzima, tengenezeni chaneli yenu na ufunguo wenu, mpeane kwa QR mkiwa ana kwa ana.

Kuhusu usalama wenu

Meseji ikisimbwa vizuri, aliyeko katikati hawezi kuisoma. Lakini Bluetooth iliyowashwa inatangaza kwamba hapa kuna kifaa, na mtu mwenye vifaa vya kupimia anaweza kujua kuna watu wanaotumia programu fulani mahali fulani. Katika janga la mafuriko au tetemeko hilo halina shida. Mahali ambapo mtandao umezimwa na watu kwa makusudi, lifikirie mara mbili, na ujue sheria za hapo ulipo. Bitchat ina njia ya kufuta kila kitu kwa kugonga jina lake mara tatu, jaribuni mkiwa hamna cha kupoteza ili vidole vijue. Weka pia kufuli kwenye simu yenyewe, kwa sababu simu iliyo wazi mkononi mwa mtu mwingine haina usimbaji wowote.

Na kwenye chaneli ya wazi yeyote anaweza kujiita jina lolote. Akitokea mtu anaandika njia ya daraja iko salama piteni, muulizeni swali ambalo yeye wa kweli tu analijua, au subirini mjumbe aliyeona kwa macho yake.

Fanyeni zoezi

Jumamosi moja, kwa muda wa saa mbili tu. Wote hali ya ndegeni, Bluetooth juu, kila mtu nyumbani kwake, mjumbe anapita. Andikeni kwenye karatasi kila meseji ilitumwa saa ngapi na ilifika saa ngapi kwa nani. Zoezi letu la kwanza watu 9, meseji zilizofika kwa wote zilikuwa 2. Mmoja alikuwa amekataa ruhusa ya lokesheni, wawili simu zao zilikuwa zinaua programu, na mzee mmoja simu ilizima asubuhi akaiwasha bila kuingiza paswedi. Hakuna hata tatizo moja kati ya hayo ambalo ungeliona kwa kuangalia simu kwa macho, zote zilikuwa zinaonekana nzima.

Tulirekebisha, tukarudia wiki mbili baadaye. Dada yangu yuko mbali kuliko sisi wote, hakuna simu inayomfikia akiwa kwake, kwa hiyo yeye anategemea mjumbe tu. Saa 4 na dakika 10 niliandika kwenye jukwaa, dada umeamkaje. Mdogo wangu akaondoka na simu yake mfukoni, hakujua hata nimeandika nini. Saa 5 kasoro akawa amerudi, kasimama mlangoni anafungua viatu, na simu yangu ikaita pale dirishani: nimeamka salama, maji yamekatika tangu jana, mkija njooni na ndoo.